Mayungiyungi ya Mferejini

Mama alipanda mayungiyungi yake pale maji ya mfereji wa nje yanapomwagika, mahali ambapo mtu mwingine yeyote hapo Kamenu angepanda nduma. Majani yake yanafanana sana na ya nduma. Nilipokuwa mdogo, wageni walizisifu nduma zetu, naye mama akawajibu kwamba zitaiva Pasaka. Na kwa namna yake ilikuwa kweli. Ua moja baada ya jingine lilichomoza katikati ya majani, jeupe, limekunjwa kama karatasi ya kufungia njugu. Jumamosi jioni aliyakata yote, akayasimamisha kwenye ndoo, na Jumapili asubuhi yalikuwa madhabahuni.

Hiyo ilikuwa zamu yake. Katika kanisa letu kila sikukuu kubwa ina mwanamke wake wa maua. Pasaka ilikuwa ya mama tangu kabla sijaanza shule, na zamu ile ni kama kiti kizuri: ukiinuka, kuna mtu anakaa.

Tatizo ni kwamba mayungiyungi huzaana chini ya udongo, kimyakimya. Kila mwaka shina moja huwa mawili, mawili huwa rundo, na rundo likibanana sana huanza kutoa majani mengi na maua machache. Dawa yake ni kuyagawa mwisho wa kiangazi. Unayang'oa, unayatenganisha, unapunguza majani, kisha unayarudisha ardhini ili mvua ndefu iyakute yamekwisha kukaa. Lakini mwisho wa kiangazi ndipo Pasaka nayo huwa inanyemelea na vichomozi vya maua vimeshaanza kuonekana. Ukiyagawa wakati huo, mwaka huo hupati hata ua moja. Kwa hiyo kila Februari mama alisimama mferejini na jembe lake, akayatazama, akasema mwaka ujao. Nilikua nikimwona akisema hivyo. Nilienda chuo, nikarudi, nikapanga chumba Mwihoko, na bado ilikuwa mwaka ujao.

Maua yalipungua. Pasaka moja yalikuwa madogo kiasi kwamba mwenyekiti wa mapambo, mwanamke wa rika moja na mama, nao huitana wakini kwa sababu hiyo, aliyachungulia ndani ya ndoo na kusema mbele ya wote:

"Wakini, haya ni maua ama ni vijiko vya chai?"

Wenzake walicheka. Mama pia alicheka.

"Yalikuwa Kwaresima," alisema. "Yamefunga kula."

Lakini njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yangu na ndoo yake tupu.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alimwendea mwenyekiti na kumwomba ampe Pasaka moja tu ya kupumzika. Baadaye alinisimulia mazungumzo yao huku akichagua maharagwe, bila kuinua macho. Mwenyekiti alimwambia kwamba zamu si shamba, haipumzishwi. Kulikuwa na mama kijana wa Kamakis, anayepamba maarusi, ambaye alikuwa amejitolea kuleta waridi.

"Nikimpa, nimempa," mwenyekiti alisema. "Mwakani usinililie, wakini."

Mama alirudi nyumbani akakaa na neno hilo karibu mwezi mzima. Kisha akanipigia simu.

"Maitu," alisema. Huniita hivyo, mama yake, kwa sababu nilipewa jina la nyanya. "Kuja Jumamosi. Uvae nguo ya kazi."

"Kuna nini?"

"Nagawa maua."

"Na Pasaka?"

"Pasaka itakuja tu. Hawataiahirisha kwa sababu yangu."

Rundo lilikataa kutoka. Tulilichimba pande zote hadi likaachia ardhi kwa sauti ya kitambaa kinachopasuka, tukalipindua juani. Katikati palikuwa pameoza. Mizizi minene kama viazi ilikuwa imelainika, rangi ya kahawia, na harufu yake ilikuwa ya maji yaliyosahauliwa kwenye chombo. Kilichokuwa hai kilikuwa ukingo tu, duara jembamba lililozunguka shimo.

"Angalia," mama alisema. "Mwaka mwingine hivi, na hakungekuwa na kitu cha kugawa."

Alipasua kwa panga, nami nikatenganisha kwa mikono. Utomvu ulitupata, tukajikuna hadi viwikoni kama watu waliomenya nduma mbichi. Vichomozi vyeupe vilivyokuwa bado vimefumba alivivunja kimoja kimoja na kuvitupa kwenye takataka za majani. Hakuvitazama. Tulipanda vipande kwa mstari, kutoka mferejini hadi karibu na lango, vikiwa vimekatwa majani, vinyonge. Jirani alipita, akauliza kama nduma zetu zimeingiwa na ugonjwa.

Pasaka hiyo waridi zilikaa madhabahuni, nyekundu, zimepangwa vizuri sana. Mama aliimba beti zote.

Ilipofika Pasaka iliyofuata, mstari mzima ulikuwa umesimama. Maua yalikuwa makubwa kuliko yote ninayokumbuka, mengine mapana kama kiganja changu kilichokunjuliwa. Jumamosi nilimkuta mama ameketi kwenye ngazi ya jikoni akinoa kisu chake cha maua.

"Utayapeleka?"

"Nimpelekee nani? Madhabahu ina mwenyewe."

Alikijaribu kisu kwa kidole gumba, akaingia ndani, akakikatia vitunguu.

Hatukuyakata. Niliporudi baada ya wiki kadhaa mvua ilikuwa imetulia, na mama aliniita kabla sijaweka mkoba chini.

"Maitu, kuja uone."

Nilidhani yamenyauka. Yalikuwa yamesimama vilevile, lakini weupe ulikuwa umeondoka. Kila ua lilikuwa linageuka kijani, kuanzia chini kupanda juu, polepole, kama limeamua kurudi kuwa jani. Ndani yake palikuwa panaanza kujaa punje ndogo ngumu.

Mama aliinama akalifungua moja kwa vidole viwili. Miaka yote ile alikuwa ameyakata yakiwa meupe.

"Kumbe huwa yanafanya hivi," alisema.

Nilimwambia kwamba miche ya pembeni ilikuwa imeshaanza kusukumana, na kwamba mwisho wa kiangazi tungeweza kugawa michache, na pengine mwenyekiti angeona aibu akipelekewa mmoja.

"Yaache kwanza," alisema, bado ameinama.