Sili Mdogo wa Malvern

Ukurasa wenyewe ulitoka kwenye gazeti kuukuu la akina mama, lile linaloachwa saluni ili wateja wasichoke kungoja. Kichwa chake kilisema majina ya jadi ya wavulana wa Ireland. Kushoto yalikuwapo majina. Kulia zilipaswa kuwapo maana, lakini kulia hakukuwa na kitu. Nyuma yake palikuwa na picha ya mtindo wa nywele, na mteja mmoja alikuwa ameikata kwa mkasi akaenda nayo.

"Wewe umesoma," jirani yangu aliniambia, akinikabidhi nusu iliyobaki. "Nitafutie hili maana yake." Kidole chake kilikuwa juu ya Ronan.

Alikuwa Mrundi, msusi katika Mtaa wa Jules, hapa kwetu Malvern, na siku chache nyuma alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mimi ni Mkenya wa bara, mwenye shahada mbili na miwani, na katika jengo letu miwani ilitosha kunifanya mtaalamu wa kila kitu, kuanzia barua za mawakili hadi dawa ya mende.

Nikamuuliza Ireland imeingiaje. Akanieleza habari za kliniki. Binti yake wa kwanza ana jina la Kirundi, refu na zuri. Nesi akiliita hukwama katikati, na foleni nzima hugeuka kumtafuta mwenye jina. Tangu zile vurugu za 2008 za kuwawinda wageni kama sisi, tulipojifungia ndani tukisikiliza nyayo za watu ngazini, hakupenda tena watu wageuke.

"Nataka jina wasilojua ni la wapi," alisema. "La Kirundi wanajua si la hapa. La Kifaransa wanasema Mkongo huyo. Hili nimewauliza wateja wote, hakuna anayelijua."

"Basi mpe."

"Baba yake anasema mpaka bibi akubali. Na bibi anataka maana."

Bibi, mama wa mumewe, alikuwa Bujumbura, na hoja yake sikuweza kuibeza. Kwao jina si pambo. Ni maneno: mtu humwita mwanawe kwa sentensi ya kumshukuru Mungu, au ya kumjibu jirani mwenye chuki, na jirani huyo akipita uani akasikia mtoto anaitwa, ujumbe umefika. Kwa hiyo bibi alikuwa ameuliza mambo mawili: jina linasema nini, na linamwambia nani.

Nilianzia kwenye intaneti. Tovuti za majina zina tabia ya wauza manukato; kwao kila mtoto ni shujaa, mfalme au kipenzi cha wote. Sikuridhika, nikaenda maktaba ya chuo kikuu, na huko mchana wote ukanipotea. Watu wale wa kale hawakuwa na makuu hata kidogo. Aidan ni moto mdogo. Colm ni njiwa. Oisín ni mtoto wa paa. Ciarán ni mweusi mdogo, jina ambalo mtaa wetu ungeweza kumpa yeyote. Na Kevin, ambaye kila kijiji cha Kenya kina wake na ambaye maisha yangu yote nilimdhani Mwingereza, ni Mwairishi kamili: aliyezaliwa mzuri. Nikampigia simu kaka yangu kumtangazia ugunduzi huo, maana mwanawe ni Kevin.

"Sisi tulimpa la mchezaji mpira," alisema. "Huo uzuri bado tunausubiri."

Ronan ni sili mdogo.

Jioni jirani yangu na mumewe walipiga simu Bujumbura, wakaiweka mezani, sauti wazi, wakanisogezea kiti.

"Ni mnyama, mama," nilisema. "Anaitwa sili."

"Simjui."

"Anakaa baharini. Ana masharubu kama paka, anabweka kama mbwa."

"Samaki huyo."

"Si samaki. Ananyonyesha. Ni mnene, hivi." Nikaonyesha kwa mikono, mbele ya simu.

"Kiboko," alisema bibi.

"Hapana, mama, kiboko ni..."

"Anakaa majini, anatoka nje, mnene, ananyonyesha. Mwanangu, hapa kwetu viboko wanatoka ziwani wanapita barabarani. Wewe ndiwe wa kunifundisha kiboko?"

Baba wa mtoto alicheka ndani ya mkono wa sare yake ya ulinzi. Mama wa mtoto hakucheka. Alikuwa amempakata mwanawe, macho kwenye simu, na mimi nikaona jina linaponyoka. Nikaachana na elimu.

"Ni kama kiboko mdogo, mama."

"Majini hazami?"

"Hazami."

"Na nchi kavu?"

"Anajikokota, lakini anafika. Anapumzika juu ya mawe."

"Na jina linamwambia nani?"

Hilo halikuwamo kwenye kamusi. Mama wa mtoto akainamia simu. "Halimwambii mtu, mama. Ndiyo maana nalitaka. Nataka wasisikie kitu."

"Jina halijui kunyamaza, binti yangu," alisema bibi. "Linawaambia hao wa huko: huyu mkimtupa majini ataogelea, mkimtoa ataota jua juu ya mawe yenu. Mwiteni hivyo."

Wakamwita hivyo. Mama yake aliporudi naye kutoka kliniki mara ya kwanza nilimuuliza ilikuwaje. Nesi alilisoma jina bila kukwama, alisema, na hakuna aliyegeuka. Yeye ndiye aliyegeuka, akaitazama foleni uso kwa uso, aone kama yupo aliyeupata ujumbe.