Shukrani Aliyoichelewesha Mama Elinipa

Alizaliwa mwaka 1953 katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya Makumira, nyumbani kwa wakulima wa kahawa na migomba. Wazazi wake walikuwa wamezika watoto kabla yake, na huyu alipolia kwa nguvu walimwita Elinipa, yaani Mungu amenipa. Sisi Walutheri hatuna desturi ya kutangaza watakatifu, na yeye mwenyewe angesikia jambo hilo angecheka mpaka ashike mbavu. Hata hivyo, waliomjua hawaoni haya kutumia neno hilo wanapomtaja.

Mtu asidhani alizaliwa mpole. Katika darasa la kipaimara alimsahihisha mwinjilisti mbele za watu, na alipoolewa na Sadoki, ukoo mzima ulijifunza haraka kuchagua maneno. Wito wake ulimjia mwaka 1979, tena kimyakimya. Alikuwa akichuma kahawa peke yake, mvua imetoka tu kukatika, akajawa na furaha asiyojua imetoka wapi. Akasema kwa sauti, "Asante, Baba." Tangu siku hiyo hakulala kabla ya kushukuru kwa jambo moja, na sharti liwe jambo analoliamini kweli. Shukrani ya mdomoni tu aliiita makapi ya kahawa. Hata Sadoki alipofariki, aliendelea hivyo kwa machozi, na amani haikumtoka.

Jaribu kubwa lilikuja masika ya mwaka 2006. Mwanawe wa pekee, Aminiel, alipanda juu ya mzigo wa ndizi katika pikapu ya baba yake mdogo, Naftali, wakishuka kwenda sokoni Tengeru. Barabara ilikuwa tope tupu. Gari liliteleza likapindukia korongoni. Naftali alitoka na mikwaruzo. Aminiel alikata roho pale pale.

Ni desturi yetu kwamba Jumapili baada ya mazishi wafiwa hutoka mbele kumshukuru Mungu kwa faraja, na aliyeponea ajali naye hutoa shukrani ya kupona. Wazee wa kanisa, bila nia mbaya, waliziweka shukrani zote mbili katika ibada moja. Mzee wa zamu akatangaza kwamba Naftali anamshukuru Mungu kwa kumtoa salama, usharika ukapiga makofi, kisha akaita familia ya marehemu. Elinipa akajikuta mbele ya madhabahu, bega kwa bega na shemeji yake, mkungu wa ndizi wa sadaka miguuni. Mchungaji Loishiye akainama amsikilize.

"Sina," alisema Elinipa. "Mchungaji, leo sina shukrani, na siwezi kumdanganya Mungu mbele za watu."

Akarudi kwenye benchi. Kanisa zima likapigwa na butwaa, na hata mnada wa mazao ya sadaka baada ya ibada ulidorora.

Wengine walinong'ona kwamba imani imemtoka. Masikini, alikuwa ameumia tu, ameumia sana. Aliyachukia yale makofi kuliko ajali yenyewe. Kila Jumapili alikuja akakaa nyuma, lakini Meza ya Bwana ilipoandaliwa hakusogea, kwa kuwa hakuwa na amani na Naftali. Nyumbani alipopiga magoti alitafuta lile jambo moja la kushukuru, asilione. Vihamba vyao, yale mashamba ya nyumbani, vilipakana, na bado walipishana kama watu wasiojuana.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Vaileth, mke wa Naftali, aliingia jikoni kwa Elinipa akihema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naftali hali chakula. Anasema alishangilia juu ya kaburi la mtoto wa kaka yake, hastahili kuishi. Jana nimemkuta ameshika dawa ya kunyunyizia kahawa, nikampokonya. Dada, nitamlinda mpaka lini?"

Elinipa alikiri baadaye kwamba wazo la kwanza lililompanda moyoni lilikuwa: na ajionee. La pili ndilo lililomtisha. Aliona kwamba Naftali akifa, ile chuki itabaki kwake peke yake, naye atazeeka nayo. Akaepua loshoro aliyokuwa amejipikia, mahindi na ndizi katika maziwa mgando, akavuka mpaka na sufuria mkononi.

Naftali alikuwa amekaa kitandani, uso ukutani. "Shemeji, niache. Mimi nilipigiwa makofi."

"Ulipigiwa, na mimi nikakuchukia kwa hayo," alijibu Elinipa, machozi yakimtiririka. "Lakini ulipona, ukashukuru. Ungefanya nini kingine? Gari liliteleza, Naftali. Hukumuua mwanangu. Kula. Sina mwingine wa kunizika."

Alimlisha kijiko kwa kijiko, kama mtoto mchanga, wote wawili wakilia. Jumapili iliyofuata alitoka mbele na mkungu wa ndizi bila kuitwa. "Namshukuru Mungu," alisema, "kwa sababu Naftali alipona." Hapakuwa na makofi. Naftali alisimama akamfuata, wakapiga magoti pamoja kwenye Meza ya Bwana.

Elinipa alilala katika Bwana mwaka 2022, na Naftali alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Wapo wanaoapa kwamba ukungu uliondoka mlimani alipokuwa akizikwa. Mimi nilikuwepo, na ukungu ulikuwepo mpaka jioni. Ajabu ninayoijua ni ya Nkasiogi, mama kutoka magharibi ya mlima aliyekuwa amekosana na dada yake. Siku moja, Elinipa angali hai, alishinda jikoni kwake akimenya ndizi, bila kupewa ushauri wowote, na akiwa njiani kurudi akampigia dada yake simu. Na katika usharika ule, hadi leo, mzee wa kanisa huenda kwanza kwa wafiwa kuwauliza kama wako tayari. Wengi hujibu, "Bado," na hakuna anayenong'ona.

Basi, mpendwa, ikifika Jumapili na huna shukrani, mwambie Mungu kwamba huna, lakini njoo ukae nasi. Na ukisikia kwamba yule uliyemwekea kinyongo ameacha kula, usimpelekee maneno. Mpelekee chakula, na usiondoke mpaka amalize.