Fyuzi Mfukoni mwa Baba

Wiki iliyopita nilikuwa barabara ya Luthuli, mjini Nairobi, ndani ya kiduka kisichozidi upana wa kitanda, nikitafuta dek ya kanda, ile sehemu ya mashine inayochezesha kaseti. Usinicheke. Najua dunia nzima inasikiliza muziki kwa simu, na watoto wangu wananiona nimeshikwa na wazimu, lakini nimeamua kujijengea mashine ya muziki ya kizamani, kipande kwa kipande, kwa vitu vya mitumba. Amplifaya nilishaipata, haina kifuniko lakini inaunguruma vizuri. Makasha ya spika ananitengenezea seremala mmoja wa huku mtaani kwetu Satellite. Ilibaki dek tu. Muuzaji akashusha moja kutoka kwenye rafu, akaipuliza vumbi, akaniambia, "Madam, hii ni mali safi, wewe skiza tu," halafu akatia kanda ya kwanza iliyomjia mkononi. Kumbe ni kwaya ya akina mama wa kanisa, kayamba na sauti zao tupu, bila kinanda. Nilishika meza yake nisianguke. Kijana wa watu akadhani ni bei ndiyo imenishtua, akaanza kuipunguza mwenyewe.

Haikuwa bei. Nilikuwa nimemkumbuka nyanya yangu. Basi kaa vizuri nikusimulie, lakini nakuonya mapema kwamba sina utamu wa kukupa.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Woodley, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, mlango wetu ukitazama ua wa miiba ya kei epo ambao mimi ndiye niliyefagia majani yake kila asubuhi. Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Saa ya chakula, wenzake wakienda kula, yeye alikwenda Luthuli na River Road kuwasumbua mafundi wa redio. Alirudi jioni na transfoma ndani ya gazeti, kesho yake koni ya spika iliyochanika pembeni, wiki nyingine vifundo vya kuzungushia sauti vilivyong'olewa kwenye mashine ya watu waliokufa au waliofilisika, sijui. Chuma cha kulehemu alikipasha kwenye jiko lile lile la mama, mboga ikasubiri. Miaka hiyo yote ugali wetu ulikuwa na harufu ya waya ulioungua, na mpaka leo nikiinusa harufu hiyo nasikia njaa.

Ulipofika wakati wa makasha ya spika, mbao nzuri zilikuwa ghali. Basi baba akalitazama kabati la nguo ambalo mama alipewa na wazazi wake siku ya harusi. Mama alirudi kutoka machinjioni Dagoretti na matumbo ya Jumamosi akakuta milango imekatwa, mashimo ya duara yametobolewa, na nguo zake zimelazwa kitandani. Akauliza, "Baba Watoto, na mimi nitaweka wapi nguo?" Baba hakuinua hata kichwa. "Msumari si uko?" Nguo za mama zilining'inia msumarini tangu siku hiyo mpaka tulipohama.

Sitakudanganya, mashine ilitoka nzuri. Ilikuwa na sahani ya santuri, dek ya kanda, na makasha mawili marefu yenye rangi ya chai ya maziwa. Rumba ilipopigwa Jumapili, gitaa lilikuja kutoka kushoto na mwimbaji akasimama katikati ya chumba kabisa, ungesema anasubiri kukaribishwa chai. Baba alikaa kwenye kiti chake, sisi mkekani, na ole wako ukohoe. Mama alitaka kufunika spika kwa vitambaa alivyoshona mwenyewe, akafokewa kwamba anaziba sauti. Na ili mtu yeyote asiiguse akiwa kazini, baba alichomoa fyuzi ya mashine kila asubuhi, kile kidude ambacho bila hicho umeme haupiti, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akaenda nayo mjini. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anatembea na fyuzi!

Nyanya, mama yake baba, aliletwa kutoka nyumbani, magharibi, kwa ajili ya macho. Yalikuwa yameingia ukungu, akawa anatutambua kwa sauti na kwa kutupapasa nyuso. Alikuja na mrenda mkavu, karanga za kukaanga, na kanda moja aliyoifunga kwenye kitambaa cha kichwa kisha kwenye karatasi ya mkate. Mara ya kwanza aliponiruhusu kuishika alinieleza kwa majivuno ya kitoto. Kwaya yao ya akina mama ilirekodiwa kanisani na mgeni fulani aliyepita na mashine. Katika wimbo mmoja nyanya ndiye aliyeanzisha, peke yake, wengine wakamwitikia. Kanda ikazunguka kijiji kizima, mpaka ilipomfikia yeye redio ya kanisa ilikuwa imekufa.

"Watu wote wamenisikia, mama," akaniambia. Sisi wasichana wote alituita mama. "Wanasema niko na sauti. Mimi mwenyewe sijawahi kusikia. Sasa nimekuja kwa mwanangu mwenye mashine."

Basi hilo tu ndilo alilolitaka. Hakuomba nguo wala nyama. Alitaka kujisikia akiimba, mara moja, kabla hajaenda zake.

Siku ya kwanza aliomba tukiwa tunakula. Baba aliigeuza kanda chini ya taa, akaguna. "Hii imeota ukungu, mama. Itachafua hedi, kichwa cha mashine kinachosoma kanda. Tutaona kesho." Kesho yake alikuwa amechoka. Jumapili ilikuwa zamu ya rumba. Jumapili iliyofuata akaja jirani, Mswahili wa Mombasa aliyekuwa karani kwa wauza vitambaa mjini, mtu mpole mwenye kofia safi, na mkononi ana kanda yake ya taarabu. Baba akaruka kama aliyeitwa na mkubwa wake. Akasafisha hedi kwa pamba na spiriti, akaitia, akamkalisha jirani kwenye kiti chake mwenyewe, na mimi nikatumwa kukaanga mandazi. Kanda ya jirani, nilivyoiona mimi kwa macho yangu haya, ilikuwa chafu kuliko ya nyanya.

Nyanya alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, anachambua mboga kwa vidole. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mashine ya mwanangu inaimba vizuri sana." Nilitamani kulia. Yeye alikuwa anacheka.

Jirani alipopata habari, sijui kwa mama au kwa ukuta, alikuja siku ya kazi na kiredio chake cha mkono. Alisimama mlangoni kwa heshima. "Shikamoo mama. Nimesikia una kanda. Tafadhali njoo uisikilize kwangu, au nikuachie hiki mpaka jioni." Nikaruka kukipokea. Nyanya akanishika mkono, akanivuta nyuma, akamshukuru, akambariki yeye na watoto wake, kisha akakataa katakata. Alipokwenda nikamlilia, nyanya kwa nini? Akanijibu kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Niko na mtoto mwenye mashine, niende kuomba kwa majirani? Waseme nini juu ya baba yako?" Ndivyo walivyokuwa hao wazee wetu. Mtoto anakutesa, na wewe ndiye unayemfichia aibu.

Mama hakuficha. Jioni hiyo alimkabili baba mbele yetu sote. "Huyo ni mama yako mzazi. Kanda ni ya dakika chache. Nipe hiyo fyuzi." Baba akafunika mfuko wa shati kwa kiganja, kama anataka kuimba wimbo wa taifa. Na hapo ndipo alipolisema neno lenyewe, kwa sauti ya chini, akidhani nyanya amelala. "Mimi nilitoka kule kwa miguu yangu. Sikujenga mashine hii nije kuitia kelele za kijijini. Nikizisikia hizo kayamba najiona tena bila viatu."

Nyanya hakuwa amelala. Nilikuwa naye kitanda kimoja, na nikasikia pumzi yake ikisimama, halafu ikaendelea.

Daktari alisema amechelewa, macho hayatarudi. Ikabidi apelekwe nyumbani. Siku ya safari aliniomba nimwongoze mpaka kwenye mashine. Akaipapasa yote, spika, vifundo, mlango wa dek, taratibu, vile alivyotupapasa nyuso, kisha akaiweka kanda juu yake. Akamwambia baba, "Nakuachia. Siku ukipata nafasi, sikiliza wewe, halafu uniambie kama ni nzuri." Baba akasema, "Sawa, mama. Twende, gari litatuacha." Kanda ililala pale juu miezi na miezi. Mimi ndiye niliyeipangusa vumbi.

Kisha zikaja habari za kifo. Na hapo ndipo ungemwona baba! Mtu aliyetufokea kwa kukohoa aliifunga mashine kwa blanketi zetu zote, akaipakia juu ya basi, akakodi jenereta huko nyumbani, akazisimamisha spika zake mbili chini ya hema, ubavuni mwa jeneza. Maana kwetu matanga bila mashine ni matanga ya maskini, watu huzungumza. Siku ya kuzika, mchana, uwanja umejaa, akaitoa fyuzi mfukoni, akaichomeka, akaitia ile kanda.

Sauti ikapanda. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, haina haraka, ya mwanamke aliyejua kabisa anakokwenda na wimbo. Watu wakanyamaza, hata wapishi kwenye masufuria. Wanakwaya wenzake, wazee sasa, wakamwitikia pale walipokaa. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na sauti ile na sikuijua. Na baba, akilowa machozi na jasho, aliinama mbele ya umati akazungusha kifundo, akaongeza besi kidogo. Mchungaji akashika maikrofoni akasema, "Mnaona mtoto? Huyu amemheshimu mama yake." Watu wakapiga makofi. Mama alinyanyuka, akaenda kukaa jikoni kwenye moshi, na hakurudi mpaka kaburi lilipofunikwa.

Makofi yalimlevya baba. Wajomba na baba wadogo walipomwambia kwamba mashine iliyomlilia mama lazima ibaki bomani itumike matangani, yule aliyeshindwa kuachia fyuzi aliacha mashine nzima, akiwapungia mkono. Krismasi tulipokwenda, kuku alikuwa ameatamia ndani ya spika moja. Kanda niliitafuta siku nzima, nikaipata kwenye kopo la misumari. Vile vitundu vya juu, vinavyozuia kanda isirekodiwe upya, vilikuwa vimezibwa kwa karatasi. Nilipoitia kwenye redio ya binamu zangu nikasikia kipindi cha salamu cha redio, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mtu fulani akimsalimia mtu fulani. Vijana walihitaji kanda ya kurekodia. Nilipiga mayowe, wakanishangaa, wakasema ziko nyingi dukani.

Haya, sasa mashine yangu imekwisha. Woodley ya ua na vyumba vya nyuma nayo inakwisha, magorofa yanainuka. Jirani alirudi Mombasa zamani. Mama tulimzika. Baba ndiye aliyebaki, mzee, meno machache, naye Jumapili hii nilimleta kwangu aone nilichojenga. Akaziangalia spika, akatikisa kichwa kwa furaha, akavuta wanangu karibu.

"Nyanya ya mama yenu alikuwa na sauti," akawaambia. "Hakuna mwimbaji wa siku hizi anamfikia. Alikuwa na kanda yake. Pale Woodley, kila Jumapili nilimkalisha kwenye kiti changu nikamwekea. Alikuwa kipofu, lakini akijisikia anaimba, uso wote unawaka."

Nilikuwa nimebeba chai. Niliiweka chini.

"Si kweli, baba. Hukumwekea hata siku moja."

Aligeuka akanitazama, na ningeona uongo usoni mwake ningepumua. Haukuwepo. Kulikuwa na huruma tu, ya mzee kwa mtoto anayebishana na wakubwa.

"Wewe ulikuwa mdogo sana," akasema. "Huwezi kukumbuka."

Wanangu walitutazama, mmoja baada ya mwingine. Kisha wakamsogelea yeye, wakamshika mikono, kwa maana alikuwa akilia.