Siku Mama Alipoketi Ziwani

Nikisema nataka kuandika siku nisiyoisahau, watu wanadhani nitaandika harusi yangu, au siku niliyojifungua. Hizo ninazo, na picha zake zipo ukutani. Lakini kila nikishika kalamu narudi Katonga, siku mama yangu alipoingia ziwani kwa mara ya kwanza.

Mama ni mkulima wa mihogo kule Simbo. Tangu ujana wake alikuwa akija mwaloni hapo Katonga, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kwa ajili ya dagaa tu: ananunua, anageuka, anarudi shambani. Siku hiyo nilimsindikiza nikiwa na nguo za kazini, nina haraka ya kumpandisha gari. Nikainama kufunga mfuko wa dagaa, kuinuka simwoni. Kumbe ameacha kandambili mchangani, ametembea na kitenge chake mpaka maji yakamfika magotini, halafu akaketi. Akaketi kabisa, kama yuko kwenye mkeka wake, mawimbi yakimpiga kifuani. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakampigia vigelegele.

Mimi nikapandwa na hasira. "Mama, toka! Umelowa chapachapa, na gari litatuacha!"

Hakugeuza hata shingo. "Nilikubeba mgongoni ukinikojolea, sikukwambia ushuke. Leo niache nilowe kwa raha zangu."

Nilisimama pale na hasira yangu, sijui niipeleke wapi. Mwishowe nikavua viatu, nikaenda kuketi kando yake na sketi yangu ya ofisini. Gari lilituacha, na hakuna aliyeliulizia.