Fimbo Nne za Miguu ya Nyuma

Enzi zetu kule kijijini, upande wa Nyamuswa, mtoto alikuwaga hapimwi kwa namba aliyoshika darasani. Alipimwa kwa ng'ombe wake wa udongo. Tukishawafikisha ng'ombe wa kweli malishoni, tulikaa mtoni, matumbo yamejaa michembe ya viazi, tukifinyanga mafahali wenye nundu na pembe. Wenzangu walifinyanga ng'ombe wa kutamanisha mnadani. Wangu, nasema ukweli, walifanana na mbwa mwenye mimba. Ndiyo maana leo nikitambulishwa kwa wageni kama bingwa wa sanamu kubwa za chuma, huwa natazama chini.

Nikaamua kwamba kosa ni la udongo. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na trekta moja, limeharibika tangu msimu wa pamba uliopita, kuku wanatagia kwenye kiti chake. Nikajiambia limekufa hili. Nikabeba boneti, madigadi, mnyororo na vyuma vingine nisivyovijua kazi yake, nikavifunga kwa waya nyuma ya ghala la pamba. Baada ya wiki mbili nilikuwa na ng'ombe mrefu kuliko mimi. Nilimpenda mpaka nikawa namwekea majani.

Basi siku moja fundi akaletwa kutoka Musoma, na spea mpya kwenye sanduku. Akalikuta trekta liko uchi. Kipande cha reli kikagongwa shuleni, kijiji kizima kikakusanyika na kufuata alama za kuburuta hadi nyuma ya ghala. Mimi nilikuwa mbele, nimeshikwa sikio na baba yangu, balozi wa nyumba kumi, mtu aliyejua ng'ombe wa kila boma kwa rangi na ukoo.

Lakini wazee wa kwetu ukiwaonyesha ng'ombe, awe wa nyama au wa bati, lazima wamkague. Mmoja akapiga ubavu. Mwingine akainama kutazama chini ya tumbo. Wakaanza kubishana kama ni mtamba au maksai, na fundi kasimama na spana yake, kasahaulika kabisa. Baba alizunguka mara tatu. Mimi wala sikuwa nawaza fimbo. Nilitaka tu aseme kwamba huyo ni ng'ombe.

"Boneti ya kijiji, fimbo tatu," alisema. "Hii miguu ya nyuma, fimbo nne. Ng'ombe gani anasimama hivi? Wewe kila siku huko malishoni unachungaga nini?"

Nikala saba zangu, kisha nikamfungua ng'ombe wangu kipande kwa kipande mbele ya watu. Mvua zilipoanza, trekta lililima.

Tangu hapo maisha yangu yamekuwa kuhangaika na miguu ya nyuma. Nilijifunza kuchomelea Musoma mjini. Nilitengeneza sangara mrefu kuliko nyumba kwa ajili ya mwalo wa wavuvi wa Mugango, kazi niliyoipenda mno maana samaki hana miguu. Mwishowe nikapata kazi ya fahali wa chuma kando ya njia ya Butiama. Nilipommaliza nikamleta baba, mzee sana sasa, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Tulipokaribia alisimama, akainua fimbo yake, akapiga mluzi wa kuswaga.

"Huyu ng'ombe wa nani?" aliniuliza. "Mbona wamemwacha karibu na barabara?"

Nililia, sikujificha. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nimeijua kazi au macho ya mzee ndiyo yalikuwa yamekwisha. Sikuthubutu kuuliza.

Siku hizi vijana wanapigia selfi pale. "Mzee, umetisha," wananiambia. Watajuaje, watoto waliomfahamu ng'ombe kwenye mshikaki? Enzi zetu hata trekta bovu lingekaguliwa kwato. Hawa wananisifu kutoka mbele na kuondoka, hakuna anayezunguka nyuma. Mguu wa nyuma wa kushoto umepinda, naujua mwenyewe, na mtu pekee ambaye angenichapa kwa ajili yake tulishamzika.