Baba Ambaye Sikumwandika Kwenye Fishi

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nilizokosea. Niliishia darasa la sita la primeri, na naandika polepole.

Nafunga sabuni katika kiwanda kimoja cha Kimanga. Zamani shefu wa personeli alikuwa mzee aliyekaa kwenye chumba karibu na geti. Aliajiri watu wa ukoo wake na wa kanisa lake. Mara mbili nilipeleka ombi, mara mbili akalitupa. Kisha patro, mwenye kiwanda, akamwondoa, kazi yake akaipa ajansi ya Bukavu inayotafutia viwanda wafanyakazi. Hao hawakuuliza mimi ni mtoto wa nani. Walinipa mtihani wa kuhesabu makartoni, nikaupita. Siku ile niliwasifu sana, siwezi kukana.

Kabla ya kuanza, dada mmoja wa ajansi alitujazisha fishi, karatasi ya habari za kila mfanyakazi. Alisema tuandike baba aliyetuzaa, si mwingine. Nikaandika jina, na kando yake: amekufa. Ni kweli, sikumjua. Aliyenilea kule Mutarule ni kaka yake mkubwa, na kwetu huyo ni baba kabisa. Hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Niliona haya kumweleza yule dada, kwa sababu watu walipanga mstari nyuma yangu.

Mwaka jana baba huyo akafariki. Nikapiga simu Bukavu kuomba konji ya matanga, ruhusa ya kukosa kazi, maana maziko yalikuwa kesho yake. Mwanaume aliyepokea akatafuta jina langu kwenye ordinateri, ile kompyuta yao.

"Kijana, baba yako alishakufa. Iko hapa, uliandika weye mwenyewe."

"Huyu ni yule alinilea."

"Baba mkubwa hana konji. Ukikosa kesho, nafasi yako tunapatia mwingine."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi, mtoto wake wa kiume, ndiye wa kumwaga udongo wa kwanza kaburini. Nikasema asante tu. Yule mzee wa geti, pamoja na ubaguzi wake, angefunga chumba na kuja mwenyewe kukaa matangani. Wafanyakazi wa zamani wanasema alifanya hivyo kwa kila mmoja wao. Lakini mimi asingeniajiri.

Saa ya maziko nilikuwa nafunga sabuni. Udongo wa kwanza aliumwaga jirani. Tangu hapo mama mkubwa, mjane wake aliyenilea pamoja naye, haniiti tena mwanangu, ananiita kwa jina tu.

Kazi bado ninayo. Ninyi mnaoajiriwa kupitia ajansi, niandikieni, hata mistari miwili: fishi inaweza kurekebishwa? Nataka mama mkubwa aandikwe humo kuwa mama yangu, wakati bado yuko hai.