Hoteli Tuliyotafutiwa Cologne

Wiki iliyopita nilipata mwaliko wa ndoa kwenye simu. Mtoto wa mjomba wangu anaoa, huko Cologne, Ujerumani. Chini ya picha ya bibi na bwana harusi wameandika saa ya kanisa, saa ya sherehe, halafu hoteli tano, zimepangwa kuanzia ya bei ya chini, na maneno machache kwamba mbili za kwanza zina vyumba vya familia. Mume wangu alisoma akasema, hawa angalau wamejipanga. Ni kweli, wamejipanga. Mimi nilibaki nimekaa jikoni hapa kwetu Berchem, Ubelgiji, na kiazi mkononi, sikuweza kukimenya tena.

Nataka nikueleze kwa nini. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mapema nikaenda kupiga pasi nguo za watu, na daftari hili ninaliandika asubuhi kabla ya kazi. Nikikosea mahali unisamehe, na nikimwonea mtu usiniamini haraka.

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo tulikaa Molenbeek, karibu na mfereji, ghorofa ya tatu. Tulikuwa watu sita katika vyumba viwili: baba, mama, kaka zangu wawili, mdogo wangu wa kike na mimi. Chini yetu kulikuwa na duka la mkate la Wamoroko, na harufu ya mkate ilipanda ngazi kutuamsha kabla mama hajatuita. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kumshikia mama kinu. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, ndani ya cave, chini kabisa ya nyumba, kwa sababu jirani wa ghorofa ya pili, mzee Mbelgiji, alisema kichwa chake kinauma. Hakuwa mtu mbaya yule mzee. Kinu kile kilikuwa kinatikisa hata vikombe vyake.

Na wageni, bon, wageni hawakukatika. Nyuma ya mlango wa saluni, ndiyo sebule yetu, lilisimama godoro ambalo halikuwa la mtu. Mtu akitoka Liège, Paris, au Lubumbashi, godoro lililala chini na sisi watoto tulisogea. Lakini kabla ya kufika, mgeni mwenye adabu alipiga simu na kusema, "Tutatafuta hoteli, hatupendi kuwasumbua." Mama alikuwa anangoja maneno hayo tu. Alijibu kwa sauti ya ukali, "Hoteli? Miye nilisha kufa?" Mgeni alicheka, mama alicheka, na mambo yakawa yameisha. Hakuna aliyewahi kutafuta hoteli. Yalikuwa maneno ya kubisha hodi. Kwetu, watu wa Katanga, mgeni hasemi "nakuja kulala kwako." Anajishusha, na mwenye nyumba anamwinua. Sisi watoto tulijua hivyo bila kufundishwa.

Mwaka niliokuwa na miaka kumi, nkambo alikuja Ulaya. Nkambo ndilo neno letu la bibi; huyu ni mama wa mama yangu. Alikuja kwa mjomba, huyo huyo wa mwaliko, Cologne, wakamtibu macho, na wakati wa Pasaka ilikuwa imebaki wiki moja arudi Lubumbashi. Donc ilikuwa lazima twende kumwona, siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili. Mimi hasa. Mimi nimepewa jina la nkambo, na kwenye simu hakuniita mjukuu, aliniita "majina," ndivyo tunavyomwita mtu wa jina moja na wewe. Katika familia yetu kuna desturi: mkubwa analala kitanda kimoja na majina wake mdogo, hata usiku mmoja tu, na kabla ya usingizi anampa habari ya jina lao. Nani alianza kuitwa hivyo, kwa nini, lilipitia kwa nani. Haisemwi mchana mbele ya watu, na haisemwi mbele ya wakwe. Mama alishanieleza mara nyingi huku akinisuka. Alisema, "Siku ile usilale mbio. Usikilize."

Mama akampigia simu mke wa mjomba, ambaye sisi tulimwita tantine. Nilikuwa pale, nashona kifungo cha shati la kaka. Mama akasema kwa ile sauti yake ya heshima, "Wifi, utuangalilie kwanza hoteli, hata ya bei kidogo, yenye familia inaweza kuingia. Hatupendi kukusumbua."

Tantine alizaliwa Kongo lakini alikwenda Ujerumani angali mdogo sana, alisoma huko, alikulia huko. Kiswahili chake alikiokota kwa mume wake. Akajibu, sawa wifi, nitaangalia. Mama aliendelea kushika simu sikioni, anangoja kicheko. Hakikuja. Akasema asante, akaweka simu chini taratibu, akaniambia niache kushona, taa haitoshi. Ilikuwa saa nane mchana.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa.

Siku tatu baadaye mama alikuwa amekwenda kufua kwenye mashine za mtaani, simu ikalia, nikaipokea mimi. Alikuwa tantine. Aliniambia amezunguka kwa miguu mahoteli mengi, mengine ghali, mengine machafu, na sasa amepata moja karibu na reli, safi, chumba kimoja cha watu sita. Amekaa juu ya kila kitanda kukijaribu. Halafu akasema, "Uniambie ukweli, wewe. Mama yako anataka hoteli kweli? Mjomba wako anasema mulale hapa, na nkambo anaomba kila siku. Lakini mama alisema hoteli. Miye sijui. Munapenda nini?"

Lazima nikwambie juu ya shule. Kila baada ya likizo mwalimu alitupa karatasi tuchore tulikokwenda. Wenzangu walichora hoteli ya Uturuki, hoteli ya Tunisia, bwawa la kuogelea, meza ya asubuhi yenye mayai. Mimi nilichora mfereji. Mwaka mmoja nilichora mfereji mara mbili.

Nikasema, "Tunapenda hoteli, tantine. Mama pia."

Akasema haya, basi, ninalipa arrhes leo, ile pesa ya kushika chumba. Sauti yake ilikuwa na furaha, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mama aliporudi na mfuko wa nguo begani nilimwambia tantine amepata hoteli. Aliuweka mfuko chini. Akauliza, "Hakusema tulale kwake?"

Nikajibu, "Hapana, maman."

Mpaka leo najiuliza kama nilielewa ninachofanya. Wakati mwingine nasema nilikuwa mtoto. Wakati mwingine nakumbuka nilivyogeuka kuangalia dirisha nikijibu, na mtoto asiyeelewa hageuki.

Tulikwenda kwa gari aliloazima baba. Mama alikuwa ametwanga sombe siku mbili, akaipika na samaki kavu, akaifunga ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwa sababu huendi kwa mama yako mikono mitupu. Kwa tantine tulipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. Nyumba ilinukia kuku na vitunguu. Saluni ilikuwa ndogo kuliko yetu, lakini nkambo alikuwa ametandika mablanketi chini, ukuta mpaka ukuta, na mito ya makochi imepangwa kama vichwa. Aliniita kwa mkono. Kitanda chake kilikuwa pembeni, upande mmoja ameuacha wazi. Akaupigapiga kwa kiganja, akacheka, akasema, "Majina, huku ni kwako."

Mama akasema, bila kumwangalia tantine, "Maman, sisi tunalala hoteli. Imelipwa tayari."

Ungeona ile saluni. Nkambo alimwangalia mjomba, mjomba akamwangalia mke wake, mke wake akaangalia chini, kwa sababu yeye alijua sisi ndio tumechagua, na aliona aibu kutusemea. Mama alijua tantine ndiye aliyetufukuza, na aliona aibu kumsemea. Baba alibaki mlangoni na funguo za gari. Yeye ni mkwe, na mkwe mwanaume kwetu haonekani akitamani kulala nyumba moja na mama wa mke wake. Nafikiri hata alishukuru ile hoteli, masikini. Kila mtu alikuwa na heshima. Neno moja la mtu asiye na heshima lingetuokoa, na mtu huyo alikuwepo, mwenye miaka kumi, amesimama karibu na kitanda.

Nkambo alisema taratibu, "Mwenye ndugu halali kwa kulipa." Kisha akaanza kukunja mablanketi, moja moja, akakataa kusaidiwa.

Hoteli ilikuwa nzuri. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Mama wa mapokezi, Mjerumani mwenye miwani ya kamba, alitupa penseli za rangi, na alituonyesha kwa vidole mlango wa choo kwa kuwa hatukusikilizana lugha. Vitanda vilikuwa vya kupandana, mashuka yalinukia sabuni kali, mimi nilipata cha juu. Nilifurahi. Asubuhi nilikula mayai mawili na mkate wenye mbegu, na nikahesabu aina za jamu ili niwe na la kuchora. Mama hakushuka kula. Alisema ameshiba.

Ndoo ya sombe hakuipeleka kwa tantine. Aliiweka nje ya dirisha kwenye baridi, Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili asubuhi aliibeba mwenyewe mpaka kwenye pipa la takataka la uani mwa hoteli. Aliigonga ndoo mara tatu ili itoke yote. Namwonea huruma, lakini nasema pia alikosea. Angeweza kuuliza. Tantine naye angeweza kuuliza mtu mzima. Lakini hao wawili siwezi kuwaweka kwenye mstari mmoja na mimi.

Mchana tulikuwa kwa tantine, lakini mchana ni wa watu. Walikuja Wakongo wa kanisa lao kumuaga nkambo, wakaimba, wakala, wakapiga picha. Nilikaa miguuni pake. Mara mbili aliinama kama anataka kusema kitu, mtu akaja kumsalimia. Jumapili wakati wa kuondoka alinifuata mpaka kwenye ngazi, akaweka mkono juu ya kichwa changu, mkono wenye harufu ya Vicks na kitunguu. Akasema, "Jina letu liko na habari ndefu. Haisemwi tukisimama. Utakuya Lubumbashi, tutalala, nitakuambia."

Nilisema ndiyo. Baba alikuwa anapiga honi.

Nkambo alifariki miaka miwili baadaye, mvua za kwanza zilipoanza kule. Hatukuwa na njia ya kwenda. Mama na tantine waliendelea kusalimiana kwenye simu siku za Noeli, maneno mazuri, mafupi. Mama hakukanyaga Cologne tena. Ndugu wakimuuliza alisema, "Wale ni Wajerumani sasa." Alilisema hata mbele yangu, nami nikiwa nimeshakuwa mwanamke mwenye watoto, mwenye mdomo wa kujibu bosi kazini. Nilimimina chai.

Mama alikufa miaka mitatu iliyopita. Tulikodi ukumbi wa parokia hapa Berchem kwa matanga. Tantine alikuja peke yake kwa treni, ameota mvi. Hakuleta sanduku, alikuwa ameliacha hotelini karibu na stesheni ya treni ya Gare du Midi kabla ya kuja, kwa kuwa hakutaka kutusumbua. Nilikuwa nimemtandikia kitanda cha binti yangu. Alivaa kitenge kama wengine, akakunja mikono ya blauzi, akaosha masufuria siku mbili mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Siku ya pili tulibaki wawili jikoni, yeye kwenye maji, mimi na kitambaa. Akasema bila kugeuka, kwa Kiswahili chake kile kile cha kuokota:

"Mama yako alikuwa mutu wa moyo. Lakini hakupenda kulala kwangu hata siku moja. Ninafikiri miaka yote hii, nilimukosea nini? Wewe ulikuwa mutoto wake wa karibu. Hakukuambia?"

Maji yalikuwa yanatiririka. Kwenye ukumbi walikuwa wanaimba. Ilikuwa mahali pazuri pa kusema, hakuna mtu angesikia.

Nikasema, "Sijui, tantine."

Akatikisa kichwa, akanipa sufuria nyingine nikaushe.

Siku hizi kila mtu ana kochi la kufunguka na chumba cha ziada, na watu wanaulizana wazi wazi, wanajibiana wazi wazi. Pengine ni bora. Kama ingekuwa hivyo wakati ule, mama angelala karibu na mama yake siku tatu. Lakini hata wakati ule mtu mmoja aliulizwa wazi, mara mbili, na jikoni kwenye matanga mara ya tatu. Jina langu naliandika kila asubuhi kwenye karatasi ya kazi, herufi saba, sijui lilitoka wapi wala lilikuwa la nani kabla ya nkambo. Watoto wangu wameshaniuliza. Niliwaambia ni jina tu.